Kurasa za Watoto Wasio na Jina

Watu hupenda kusema kwamba kompyuta imekosea. Wakisema hivyo mbele yangu huwa nanyamaza, kwa maana najua moja ambayo haikukosea hata kidogo.

Nilikuwa karani wa kumbukumbu katika zahanati moja ndogo, ndani kidogo kutoka Rodi Kopany. Kwetu ni Migori, na mwisho wa wiki nilirudi huko. Kazi yangu ilikuwa kuandika wagonjwa katika programu kuukuu iliyoachwa na mfadhili ambaye hata sura yake sikuwahi kuiona. Kioo kilikuwa cheusi, maandishi ya kijani, na ikigoma dawa yake ilikuwa kuchomoa waya ukutani. Niliitukana kila siku ya Mungu. Lakini vitabu vya zamani vilikuwa vimeliwa na mchwa, kwa hiyo yote tuliyoyajua kuhusu akina mama wa pale yalikuwa ndani ya sanduku lile, na ni mimi niliyeyaingiza, kwa vidole viwili.

Programu ile ilikuwa na ukurasa wa mama na ukurasa wa mtoto. Ule wa mama ulikuwa na mstari mmoja tu wa maelezo, nao ukijaa umejaa. Mkunga wetu wa zamani, ambaye siku hizi amestaafu, alinifundisha njia ya mkato: habari ndefu ya mama iandikwe kwenye ukurasa wa mtoto aliyezaliwa siku ile, maana kule nafasi ilikuwepo. Mtoto akizaliwa huwa bado hana jina, kwa hiyo tuliandika "Mtoto wa" kisha jina la mama. Aliporudi kwa chanjo akiwa na jina lake, nilimfungulia ukurasa mpya na ule wa kwanza nikauacha palepale. Uvivu? Labda. Foleni nayo ilikuwa ndefu.

Kisha tukaambiwa tunahamia mfumo mpya. Akaja mtaalamu, bwana mmoja mpole mwenye laptopu nyembamba, akasema data lazima isafishwe kabla ya kuhamishwa, na kwamba Ijumaa sanduku la zamani litafutwa kabisa na kuondolewa. Alhamisi mchana akaniita nitazame kioo chake.

"Madam, hizi zote zimekataliwa. Mfumo hautaki mtoto bila jina."

"Hizo ni marudio tu. Hao watoto wako na majina, nimewaandika mbele huko."

"Wote? Uko na uhakika?"

"Si mimi ndio niliandika?"

Nilijibu kwa kiburi, nakiri. Wiki nzima mgeni alikuwa akinifundisha kazi yangu mwenyewe, nami nilitaka kuonekana kuna kitu ninachokijua. Nikazichagua zote kwa mkupuo mmoja, nikabonyeza kufuta. Mashine ikaniuliza tena kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Wale waliokufa kabla ya kupewa jina hawakuwa na ukurasa mwingine. Hilo halikunijia akilini kabisa. Wala sikuyakumbuka maneno ya mkunga yaliyokuwa chini ya kurasa zile.

Mfumo mpya ulikuwa mzuri, siwezi kuusingizia. Unaandika jina la mama, historia yake yote inatokea kwa rangi, uzazi wake ukihesabiwa kutoka kurasa za watoto wake, na kijitabu chake cha kliniki kinajazwa kutoka hapo. Baada ya miezi michache tulikuwa tumeshazoea kioo kitukumbukie kila kitu.

Ndipo alipokuja yule mama. Alikuwa ameolewa upande wa Lambwe, mrefu, mtaratibu, mimba yake ikiwa tayari inaonekana. Mkunga tuliyekuwa naye wakati huo alikuwa mgeni, mzaliwa wa Kehancha, hodari wa kazi lakini Dholuo, lugha yetu, hajui, kwa hiyo walizungumza Kiswahili. Mimi nilikuwa meza ya pili, nawasikia.

"Mama, hii ni mimba ya kwanza? Hapa inaonyesha hujawahi zaa."

Mama akatazama mikono yake. "Huyu ndio Mungu amenipa, sista."

"Sawa. Tuseme ya kwanza."

Kwetu Wajaluo watoto hawahesabiwi, walio hai wala waliokwenda, kwa kuogopa kwamba anayewahesabu anawaitia mabaya. Mama mwenye adabu akiulizwa hujibu kwa kuzunguka. Nililijua hilo tangu utotoni, na jibu lile lilipaswa kuniinua kwenye kiti. Uso wake pia nilihisi nimewahi kuuona. Nikaendelea kuchapa. Mpaka leo naichukia sauti ya vidole vyangu ile asubuhi.

Siku ya kujifungua alikuja akitembea mwenyewe, mama mkwe wake akimfuata na beseni. Mtoto wa kike akatoka salama, analia vizuri. Halafu damu ikaanza, na haikukata. Mkunga alifanya yote aliyofundishwa, huku akipiga kelele gari litafutwe. Nilikimbia ndani kumshikia chupa ya dripu, na hapo, nikiwa karibu na uso wa yule mama, nikamkumbuka. Nikayakumbuka na maneno, neno kwa neno, kwa kuwa ni mimi niliyeyaandika: ametoka damu nyingi mara zote mbili, asizalie hapa tena, apelekwe hospitali ya Homa Bay mapema. Yalikuwa kwenye ukurasa wa mtoto wake wa pili, ambaye, kama yule wa kwanza, hakufikisha siku ya kupewa jina. Chupa niliishika tu kwa sababu mtu alikuwa amenikabidhi.

Homa Bay hakufika. Alikata roho garini kabla hawajaipita Rodi Kopany.

Kikao kikaitwa. Wakubwa wakafungua mfumo, wakakuta hakuna kitu. Wakamuuliza mkunga kama alimhoji mgonjwa. Alimhoji, na kijitabu kilimshuhudia. Maskini, alikuwa analia hata kabla ya kuulizwa. Mimi nilikuwa mle ndani nikiandika kumbukumbu za kikao. Mwishoni wakanisomea sentensi ya kuandika: mgonjwa hakueleza historia yake ya uzazi. Nikaiandika. Nilikuwa na sababu zangu za kuogopa, na hata moja haina uzito wa kutajwa hapa.

Baada ya mazishi mama mkwe alimleta mtoto kwa chanjo. Alipomaliza hakuondoka. Akangoja hadi watu walipopungua, akaja akaketi mbele ya meza yangu, mtoto amelala mapajani pake.

"Nyathina," akaniambia, kama mzazi anavyomwita mwanawe, "wameniambia hakusema. Wewe ulikuwa hapa. Ni kweli hakusema?"

Mlango ulikuwa umefungwa, na mtu wa tatu hakuwepo. Nafasi ya kusema ilikuwa mikononi mwangu.

"Hakusema, dani," nikamjibu, nikimwita bibi kwa heshima.

Akamsogeza mtoto karibu na kifua chake.

"Basi ni mimi," akasema. "Mimi ndio nilimkataza. Nilimwambia, hata sista akuulize namna gani, wale usiwataje, huyu asije akawafuata."

Akajifunika uso kwa leso. Nikamshika mkono, nikamwambia asijilaumu, yale maneno matupu ambayo yeyote angeyasema. Neno moja ambalo lingemtua mzigo sikulitamka. Alipotulia akaniuliza chanjo inayofuata ni lini, nikamwandikia siku kwenye kijitabu. Akamfunga mtoto mgongoni, akanishukuru, akaenda zake akiamini kwamba ni yeye aliyemuua mke wa mwanawe.