Mfungo na Chupa Mbili za Damu

Fundi cherehani aliyenishonea shati langu la kwanza la shule alikuwa amevuja damu kwa wiki nyingi bila kumwambia mtu. Alikunja vitambaa akavikalia, akaendelea kukanyaga cherehani yake pale sokoni katika kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, mpaka siku alipoanguka juu ya gauni la harusi la mteja. Kilikuwa kivimbe tumboni. Katika hospitali kubwa ya Lilongwe daktari alisema atampasua Ijumaa, lakini hatagusa kisu kabla chupa mbili za damu hazijawa tayari. Friji ya benki ya damu ilikuwa karibu tupu. Ndugu wa mgonjwa waje kutoa.

Ndugu zake wako Bukavu, na wengine hajui waliko. Huku ana kikundi cha maombi, akina mama watano wanaokutana kila alfajiri katika chumba cha udongo nyuma ya nyumba yetu. Nimekua nikiamshwa na nyimbo zao. Kiongozi wao ni mjane mfupi anayeuza unga wa muhogo, mwenye mikono ambayo haiishi weupe hata akiinawa. Jumatatu, habari ya upasuaji ilipofika, aliwaapisha wenzake kwamba hawatakula kitu hadi mgonjwa atakapotoka salama chumba cha upasuaji. Maji tu, jua likizama.

Jumatano wakapata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini kwa siku mbili, wakanichukua mimi niwatafsirie, kwa sababu Kichewa, lugha ya huku, nilijifunza shuleni. Niliahidi kufunga nao siku hiyo moja. Lakini stendi, walipokuwa wakibishana na kondakta, nilizunguka nyuma ya kibanda nikala maandazi.

Benki ya damu ni chumba kidogo chenye viti vya kulalia na harufu ya spiriti. Nesi alikuwa kijana kama mimi, mwenye sauti ya upole na macho yaliyochoka. Alifungua fomu, akauliza swali la kwanza, nami nikatafsiri: leo mmekula nini?

Mama mwenye sauti nene, ambaye kanisani huimba besi kuliko wanaume, aliinua kidevu. "Hatuyakula tangu lundi," akasema, kama mtu anayeonyesha cheti.

Nilipomwambia nesi kwamba ni tangu Jumatatu, aliweka kalamu chini. Alieleza taratibu, na mimi nikatafsiri taratibu, nikitamani maneno yaishe njiani. Mwenye njaa hatolewi damu. Ataanguka, na damu yenyewe itakuwa dhaifu. Waende wakale, wanywe maji mengi, walale, warudi kesho asubuhi. Kesho ndiyo siku ya mwisho, kwa maana damu lazima ipimwe kabla ya Ijumaa. Kisha akauliza kama yupo hata mmoja aliyekula.

Nilitafsiri swali. Kisha nikalijibu mwenyewe.

"Umekula nini?" akauliza mama wa besi.

"Mandazi."

"Ngapi?"

"Mawili."

Akatafakari. "Na chai?"

"Na chai, mama."

"Ya maziwa?"

Nikajifuta midomo. Mama kiongozi ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kikavu cha mtu ambaye midomo imempasuka. "Mwacheni," akasema. "Enda, mwanangu. Enda utoe hiyo mandazi."

Nesi alinichoma kidole, akadondosha tone la damu yangu katika kikombe chenye maji ya buluu. Likizama, damu inatosha. Likielea, unarudishwa nyumbani. Langu lilizama kama jiwe. Nikalala, nikaangalia mfuko ukijaa, mwekundu mzito kuliko nilivyodhani, na kupitia mlango uliokuwa wazi niliwasikia wakibishana kwenye ngazi.

"Tuliapa," alisema mama wa besi. "Batu habacheze na Mungu. Tukikula, na akifia kule ndani, tutasema nini?"

"Na tusipokula?" akauliza mwingine.

Nikasikia mama kiongozi akikung'uta kanga yake. Halafu nikasikia sauti yake. "Mi njo niliwaapisha, si mwingine. Mi njo nitajibu."

Hospitali ile ina banda la ndugu wa wagonjwa, ambako watu hulala na kupika juu ya mafiga. Huko ndiko nilikowakuta, mkono wangu umefungwa pamba. Mama mmoja Mmalawi, anayemuuguza mumewe, alikuwa amewaazima sufuria na kuwamegea maharagwe yake, na kila alipoambiwa zikomo, asante ya kwao, alipunga mkono kama anafukuza nzi. Nsima, ugali wa huku, ilikuwa imepakuliwa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mama kiongozi alinawa. Akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota maharagwe, akampelekea mama wa besi mdomoni kama anavyolishwa mtoto.

"Fungua."

"Yaya," akasema, akimwita dada mkubwa, "mi naweza kula mwenyewe."

"Najua unaweza. Fungua. Mungu akiuliza, mumwambie ni mi nilibalisha kwa mikono yangu."

Mama wa besi alifungua mdomo, akatafuna, machozi yakimtiririka, nami sikujua kama ni moto wa maharagwe au kiapo. Mama kiongozi akamhudumia wa pili, wa tatu, wa nne. Alifanya bila haraka, kwa mikono ile ile iliyozoea kupima unga, na hakuna tonge lililozidi jingine. Nimesoma vitabu vingi kuhusu mashujaa, na sijakuta mmoja aliyejitwika kiapo cha wenzake kwa utulivu kama ule.

Kisha likabaki tonge lake. Alilitazama, akanitazama.

"We ulishavunja," akasema. "Njoo."

Nilipiga magoti nikamlisha. Alikula macho yamefumba.

Asubuhi tone la mama kiongozi lilikaa juu ya maji ya buluu kwa muda ambao hakuna kati yetu aliyepumua. Nesi naye aliinama. Kisha likaanza kushuka, polepole, kama linauliza njia, likafika chini, na chupa ya pili ikapatikana. La mama wa besi lilielea, akaambiwa akale zaidi, akasema kwamba hilo sasa si tatizo.

Ijumaa fundi alipasuliwa akatoka salama. Sisi tulikuwa tumesharudi kambini, ruhusa ikiwa imekwisha, na habari ilitukuta katika chumba cha udongo. Wiki mbili baadaye aliletwa nyumbani, amekonda, ameshika tumbo kwa mikono miwili kama kitu kilichoazimwa.

"Niliambiwa mlifunga kwa ajili yangu," akawaambia. "Aksanti sana, bamama."

Walitazamana. Mama wa besi akajifanya anatafuta kitu chini ya mkeka.

"Tulianza," akasema mama kiongozi. "Halafu tulikula kwa ajili yako."

"Mlikula nini?"

"Nsima na maharagwe. Na huyu," akaninyooshea kidole cheupe, "maandazi mawili na chai ya maziwa."

Fundi alicheka hadi akaomba tumwonee huruma, nyuzi zake zilikuwa bado mbichi.