Koki ya Kuzikwa Ukutani

Mkono wangu wa kulia unasukuma, haushiki. Kiharusi kiliniachia hivyo. Naweza kusukuma mlango, naweza kumsukuma kuku akitaka kuingia jikoni, lakini kikombe sikishiki na kifuniko sikifungui. Wa kushoto ni mzima, ila huo ndio ninaoshikia ukuta nisianguke. Kwa hiyo mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikiogeshwa na mke wa mwanangu.

Simsemi kwa ubaya. Maji anapasha, kigoda ananiwekea. Ila ananisugua kama sufuria la ugali lililoungua, na wakati ananisugua simu iko dirishani anaongea na dada yake aliyeko Dar. Huyo dada ameshasimuliwa mgongo wangu wote, na hatujawahi kuonana.

Basi mwanangu aliposema anajenga bafu ndani ya nyumba yetu hapa Igoma, la shawa na maji ya moto, nilitaka kitu kimoja tu: koki ambayo mkono wangu utaiweza, niingie mwenyewe, nifunge mlango, nioge. Nilikisema mchana, watu wanakula. Mwanangu akaitikia "Sawa mama" huku ananyonya kichwa cha samaki, sato. Mkewe naye akaitikia. Halafu wakaanza kuzungumza rangi.

Sijui nani aliwaambia watu wa siku hizi kwamba bafu lina sare kama kwaya. Kila kitu kiendane. Kwa kuwa bawaba za mlango ni nyeusi, ndoano ya taulo lazima iwe nyeusi, kisahani cha sabuni cheusi, hata kifuniko cha tundu la kutolea maji machafu kimetafutwa cheusi. Nilimuuliza mkwe wangu, "Na mimi nitaendana?"

"Mama bwana," akasema, akaendelea kunionyesha picha kwenye simu. Mabafu yote ya kwenye picha yalikuwa hayana mtu. Hata ndoo haikuwepo. Nikamwuliza hao wenye nyumba wanaogea wapi, akasogeza picha nyingine.

Mwanangu alipoulizwa anataka koki ipi, akasema, "Nyie amueni." Hayo ndiyo maneno yake tangu siku ya harusi.

Tukaenda Mkuyuni, kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi ambalo baba wa mwenye duka aliniuzia mabati ya nyumba yangu ya kwanza. Siku hizi mabati yamesukumwa nyuma uani. Mbele kuna ukuta wa koki, zinang'aa, hakuna hata moja inayotoa maji.

"Shikamoo bibi," akasema muuzaji.

"Marahaba. Tunataka koki."

"Za shawa ziko aina mbili. Kuna ya kawaida, inakaa nje. Na kuna ya kisasa, hii inakuja vipande viwili. Mwili wake unazikwa ukutani. Nje panabaki urembo tu, sahani na mpini."

"Na huo mwili ukiugua, tunaufukua?"

"Hauugui, bibi."

"Mimi nimezoea watu kuzika kilichokwisha kuugua."

Mkwe wangu akanivuta kanga kidogo. Alikuwa ameshaona yake: sahani ya duara, nyeusi, na mpini wa duara, mweusi, laini kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Akaisogeza karibu na picha ya bawaba. Akafurahi kabisa, nikamwonea na huruma.

Nikamwomba muuzaji maji na kipande cha sabuni. Akadhani nataka kunawa. Nikaupaka mkono wangu wa kulia sabuni mpaka povu, nikauweka juu ya ule mpini wa duara, nikajaribu kuuzungusha. Ukateleza. Nikajaribu tena, ukateleza, povu likadondokea kwenye vigae vyake vya maonyesho. Wateja wawili wakaacha shughuli zao wakatazama.

"Mama, utazoea," mkwe wangu akasema kwa sauti ya chini. "Na isitoshe, mimi nipo."

"Najua upo. Ndiyo maana nimekuja dukani."

Sikumwonea huruma tena, maana alikuwa amesikia nilichosema siku ile ya samaki, akaamua kuwa ni maneno ya mzee.

Nikamwambia muuzaji alete yenye mpini mrefu. Akapanda ngazi, akashusha moja ina mpini bapa, urefu wa mwiko mdogo. Unasukuma juu inafunguka, unasukuma chini inafunga, kulia baridi, kushoto moto. Niliisukuma kwa kifundo cha mkono, na povu langu lote, ikakubali. Lakini ilikuwa ya rangi ya fedha.

"Hiyo ni ya hospitali," mkwe wangu akasema.

"Nyeusi yake haipo," akasema muuzaji.

Binti wa watu hakukata tamaa. Akataka mwili wa koki ile nyeusi uvalishwe mpini huu mrefu, halafu mpini upakwe rangi. Muuzaji akajaribu mbele yetu. Mpini ukaingia, ukazunguka bure kama tairi kwenye tope.

"Kila kampuni na meno yake," akasema. "Rangi utapaka. Meno hayashikani."

"Sasa bafu langu litakuwa na rangi mbili," akasema mkwe wangu, na kweli machozi yalimlenga.

"Bafu liendane na bawaba au na mtu anayeoga?"

Akampigia mumewe simu. Nilisikia jibu nikiwa nimesimama pale pale. "Nyie amueni."

"Ameshasema," nikamwambia muuzaji. "Funga hiyo ya hospitali."

Kumbe vita ilikuwa bado. Fundi bomba, mtu wa Usagara, alikuwa ameshachimba ukuta kwenye kimo cha kifua chake. Nikamwuliza anayeoga amekaa ataifikiaje.

"Mayu, shawa watu wanasimama," akasema. Ananiita mama kwa Kisukuma akitaka nisimgombeze. "Nimefunga mabafu mengi, sijawahi kumpima mwenye nyumba."

"Ulikuwa unampima nani?"

Nikaagiza kigoda, nikaketi katikati ya vumbi la saruji, nikanyoosha mkono wa kulia mpaka ulipoishia. "Hapo. Chora." Akachora. Mkwe wangu akasema mstari wa vigae vya maua utakatika. Nikasema ukatike. Fundi akasema watu wataiona chini hivyo wadhani ni koki ya kujazia ndoo. Nikasema wadhani. Akaziba tundu lake la kwanza, akachimba jipya.

Jumamosi moja kabla ya chakula cha mchana niliingia mwenyewe. Nikafunga mlango. Nikakaa, nikasukuma juu, maji yakaja. Yalikuja ya moto, na mimi kwa haraka nikasukuma kushoto, yakawa moto zaidi, yakanipiga bega mpaka nikauma kanga. Sikutoa sauti. Ningetoa sauti, mlango ungefunguliwa, na habari yangu ya kuoga peke yangu ingeishia hapo.

"Mama, uko salama?" mkwe wangu akauliza kutoka nje.

"Niko salama."

Nikasukuma kulia, polepole, mpaka yakapoa. Nikaoga. Nilichelewa sana, najua, wali ulipoa mezani.

Nilipotoka alikuwa amesimama pale pale na taulo la pili mkononi. Akanikagua kuanzia juu.

"Mama, sabuni imebaki shingoni."

"Naijua," nikamwambia. "Nimeiacha mwenyewe."