Barazani Walisema Kipofu Hawezi Kulea

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, na la kijiji pia. Sema tu ni upande wa Gulwe. Anayeniandikia ni mwalimu wa shule ya hapa, maana mimi ni kipofu. Umri wangu siujui kwa hesabu. Nilikuwa nimeshavunja ungo Wadachi walipojenga boma Mpwapwa, na macho yangu yaliondoka na ndui baada ya hapo.

Nilipata mume hivi hivi nilivyo. Alikuwa akivunja mawe kwenye reli, akafa kwa kuhara damu, akaniacha na binti mchanga. Miaka minne nimemlea peke yangu. Nasaga mtama, nateka maji, napika. Nilimfunga njuga mguuni ili nijue alipo.

Baada ya mavuno, kaka wa marehemu alinishtaki kwa akida. Alisema mtoto ni wa ukoo wao, mimi ni mzigo, na mtoto aliungua mguu nyumbani kwangu. Ni kweli aliungua. Lakini siku hiyo mimi nilikuwa kisimani, na aliyeketi naye jikoni ni mke wa shemeji huyo huyo, aliyekuja kututembelea, mwenye macho yake mawili. Nilisema hivyo mbele ya watu wote.

Akida akaniuliza, "Mama, mtoto akielekea motoni, utamwona?"

"Sitamwona, bwana. Nitamsikia kabla hajafika."

Watu wakacheka. Akida hakucheka. Akasema, "Sikuchukii, mama. Lakini mtoto huyu akifa, bwana mkubwa wa boma ataniuliza mimi." Akaamua binti akae kwa baba yake mkubwa, nami niruhusiwe kwenda kumwona kila mwezi ukiandama. Kumwona, ndivyo alivyosema.

Basi naenda, asubuhi nzima kwa miguu. Mara ya tatu shemeji alinikalisha akaniambia, "Shemeji, desturi unaijua. Kubali nikurithi, uhamie hapa, uwe na mwanao. Kesi imekwisha."

Mtu aliyeniita mzigo barazani ndiye anataka nimpikie. Wanawake wa kisimani wananiambia, "Kubali, mwenzetu, mtoto ni mtoto." Mwalimu anasema niende boma nikalalamike. Lakini nimesikia kwamba bwana mkubwa akichoshwa na shauri la mtoto humpeleka kwa wamisionari wa mbali, na hapo tutamkosa sote wawili.

Nimechoka, ndugu zangu. Hata kulia nimechoka.

Safari iliyopita, nilipokuwa naondoka, binti alinishika mkono. "Mama, polepole, mbele kuna shimo." Hakuwahi kuniongoza. Tulipokuwa wote mimi ndiye niliyetangulia, yeye akishika nguo yangu nyuma. Nikajua wamemfundisha huko kwamba mama yake hajiwezi. Nilitaka kumwambia kuwa shimo lile nalijua tangu yeye hajazaliwa. Sikusema. Nilimwacha aniongoze hadi mwisho wa shamba, nikatembea polepole kuliko ninavyotembea siku zote, maana alikuwa amenishika.

Ninyi msomao gazeti hili, nanyi mnaosomewa, nipeni shauri. Nikubali kurithiwa ili nilale nyumba moja na mwanangu, au niende boma, na huenda nikampoteza moja kwa moja? Mwalimu atanisomea kila jibu. Msikawie, shemeji anataka neno langu mwezi huu ukiandama.