Asubuhi Tulimsubiri Mgeni Rasmi

Tangazo lilisema mbio zitaanza saa kumi na mbili asubuhi, na aliyepanga saa hiyo, yeyote yule, alikuwa na akili. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashuka, ardhi ya kati ya Segese na Mwakitolyo huwa imekauka mpaka inapasuka nyufa za kuingia mguu. Ikifika saa tano hakuna anayelima na hakuna anayeswaga ng'ombe. Kukimbia zaidi ya kilomita sitini kwa njia za mifugo katika mwezi huo kunawezekana kwa sharti moja tu: uwe umekwenda mbali kabla jua halijapanda. Sisi tuliojiandikisha tulilijua sharti hilo. Tulilala Segese, tukaamka gizani, tukanywa uji, na kulipokucha tulikuwa tumejipanga kwenye mstari, namba vifuani, viatu vimekazwa.

Tuliondoka saa nne na nusu.

Niliyekimbia naye ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mhunze. Watu wote humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Mwaka uliotangulia, mbio hizi zilipofanyika kwa mara ya kwanza, hakuna mwanamke aliyemaliza, na mwaka mzima vijiweni Kahama watu waliligeuza jambo hilo kuwa utani. "Wale wanakuja kupiga picha na namba kifuani," walisema, wakacheka. Mwalimu aliusikia utani huo mbele yangu. Alianza kukimbia kila alfajiri kabla ya kwenda shuleni, na Jumamosi tulikwenda pamoja masafa marefu. Alitaka jambo moja tu: avuke mstari wa mwisho kabla haujafungwa saa kumi na mbili jioni, ahesabiwe kuwa amemaliza. Alikuwa na uhakika kiasi cha kumwambia mama yake, "Mama, njoo Mwakitolyo unipokee." Na mama akapanda basi na mfuko wa vitenge, kwa sababu kwetu binti anayerudi na heshima, awe bibi harusi au mhitimu, hakanyagi mavumbi. Hutandikiwa vitenge.

Basi tulisimama. Kikundi cha ngoma kilicheza bugobogobo, majembe yakirushwa na kudakwa, na mwanzoni ilipendeza. Mshereheshaji alipaza sauti kwenye spika, "Mwangaluka!" nasi tukaitikia kwa nguvu. Jua likatoka. Akasema tena, "Mwangaluka!" na walioitikia wakapungua. Aliposema mara ya tatu jua lilikuwa limeshatupita mabegani.

"Mwangaluka gani tena?" mkimbiaji mmoja nyuma yetu, mchimbaji wa dhahabu, aliguna. "Saa hizi mtu anasalimiwa habari za mchana."

"Kwani huyo mgeni rasmi anatokea wapi?" mwenzake akauliza.

"Shinyanga mjini."

"Angekuja kwa miguu si angekuwa ameshafika!"

Tulicheka. Kicheko hicho sasa hivi kinaniudhi, kwa sababu tulikuwa tunacheka huku tukinywa maji tuliyobeba kwa ajili ya njiani. Mwalimu alikwenda kwa mratibu, kijana nadhifu mwenye filimbi shingoni, akamuuliza kwa adabu kama saa ya kufunga mstari nayo itasogezwa.

"Usiwe na wasiwasi, Mwalimu," alimjibu. "Tutaangalia."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilimwangalia usoni, na niliona kwamba hajakusudia kuangalia chochote.

Msafara ulipofika ulikuwa wa magari mengi, taa zimewashwa mchana kweupe. La mwisho lilikuwa pikapu nyeupe iliyopakiwa madumu ya maji, nayo imewasha taa kama wenzake. Sikulitilia maanani. Mgeni rasmi alishuka, akapita kwenye mstari akimpa mkono kila mkimbiaji, mmoja baada ya mwingine, kisha akaenda kukaa chini ya turubai kwenye kiti chenye kitambaa. Hotuba zikaanza. Alisema michezo ni afya. Alisema michezo ni umoja. Mezani kwake kulikuwa na chupa za maji zenye umande wa baridi, na sisi tulisimama juani tukizitazama. Ndipo akapunga bendera.

Saa ya kwanza tulikimbia kwa hasira, na hasira ina nguvu ya muda mfupi. Tulipita mashamba ya pamba yaliyobaki vijiti vitupu, kisha majaruba ya mpunga yaliyokauka, ambapo udongo mweusi ulikuwa mgumu kama tofali na unarudisha joto usoni. Utepe mwekundu wa kuonyesha njia ulikuwa umefungwa kwenye vichaka, na sehemu nyingine mbuzi walikuwa wameula. Tulifuata nyayo za ng'ombe tukiamini zinakwenda kijijini. Mwalimu alikuwa anatafuna matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kuanikwa, aliyoyafunga kwenye mfuko kiunoni. Alinigawia. Hayakuteremka, mdomo haukuwa na mate.

Kituo cha kwanza cha maji tulikuta vikombe viwili viwili. Kituo cha pili tulikuta meza, kitambaa kimetandikwa vizuri, viti viwili vya plastiki, na pipa la buluu. Mwalimu alifungua mfuniko, akatazama ndani, akaufunga tena polepole.

"Maji yako wapi?" nikamuuliza dada aliyekuwa ameketi pale na fulana ya mbio.

"Bado hayajaletwa, kaka."

"Tangu asubuhi?"

"Gari la maji liliingizwa kwenye msafara. Walisema msafara ulikuwa na magari machache, haupendezi. Tangu hapo halijarudi, nasikia limeelekea Mwakitolyo pamoja nao."

Nilikumbuka ile pikapu nyeupe. Maji yetu tulikuwa tumeyaona. Yalipita mbele yetu taa zikiwaka, yakaenda kupendezesha msafara, na hivi sasa yalikuwa yanatutangulia kwenda kutungoja mwisho wa safari, mahali ambapo mtu asiyekunywa njiani hawezi kufika.

Baada ya hapo sikumbuki kila kitu kwa mpangilio, na mimi ni mtu wa kukumbuka kwa mpangilio. Nakumbuka chumvi nyeupe kwenye mikono yangu. Nakumbuka kwamba nyayo ziliungua ndani ya viatu hata pale tulipotembea. Halafu nilimtazama Mwalimu nikaona kwamba mikono yake ilikuwa mikavu kabisa, haina jasho, na vinyweleo vimesimama kama mtu anayesikia baridi. Nilijua maana yake: mwili umeishiwa maji. Tangu hapo sikuwa na habari na mstari wala saa. Nilitafuta paa la nyumba.

Tuliliona nyuma ya ua wa minyaa. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amekaa kivulini anachambua mchicha wa kukausha. Mwalimu, katika hali ile, alipiga magoti kumsalimu, kama alivyolelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Alitutazama kuanzia viatu mpaka namba za vifuani. "Mnakimbizwa na nani?"

"Hakuna anayetukimbiza, mama," nikasema. "Tunashindana."

"Jua hili? Hata ng'ombe wangu wamelala chini ya mgunga. Nani kapanga mshindane saa hizi?"

Mwalimu alitaka kuinuka kutoka kwenye magoti, akashindwa. Yule mama aliacha mchicha wake akaingia ndani. Alileta maji ya mtungi kwa kata, akamnywesha kidogo kidogo, akamkatalia alipotaka kuinyakua. Alilowesha khanga yake akamfunika kichwani na shingoni. Maji yenyewe huchotwa mbali, niliona toroli la madumu mlangoni, na alitumwagia kama vile yanatoka bombani. Tulikaa pale mpaka jasho likarudi kwenye paji la uso wa Mwalimu. Mimi nilikuwa nimeshaamua: nitatafuta bodaboda, tutakwenda zahanati, mbio zimekwisha.

"Saa ngapi?" Mwalimu akauliza.

Nilimwambia.

"Basi bado inawezekana."

"Mwalimu, hizi si mbio tena. Watu hawa hawana hata maji."

"Kaka," alisema, na sauti ilikuwa imerudi, ile ya darasani, "nikipanda bodaboda, mwaka mzima watasema nini?"

Yule mama alimwachia khanga. "Utairudisha ukipita," alisema. "Mtembee, msikimbie." Tulitembea, na jua lilipoanza kulegea tukaanza kukimbia kidogo kidogo, khanga imelowa kichwani mwake, na chupa zetu zimejazwa kutoka kwenye mtungi wa mtu ambaye hatukumwomba kuwa mwandalizi.

Karibu na Mwakitolyo njia inapita kati ya maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, na inabidi utazame unapokanyaga. Makarasha ya kusaga mawe yalikuwa bado yananguruma. Wachimbaji walioona namba zetu walipiga makofi. "Mama, kaza! Pale tu!" mmoja alipiga kelele. "Usitazame shimo, tazama mbele!" Jua lilikuwa limeshuka lakini mwanga ulikuwepo. Nilijua tumeshachelewa kwa saa iliyotangazwa, ila kwa dakika chache tu, na nilijiambia kwamba binadamu yeyote aliyetuchelewesha asubuhi kwa saa nne na nusu hawezi kutuhesabia dakika jioni.

Tulipokata kona tuliona lile geti la kujazwa upepo, lenye maandishi ya "Mwisho", limelazwa chini. Vijana wawili walikuwa wanalikanyagakanyaga litoe hewa. Turubai limeshuka. Viti vinapakiwa kwenye lori. Pembeni ilikuwepo ile pikapu nyeupe, na madumu mengine yalikuwa bado yamejaa.

Mwalimu alivuka pale geti lilipolala. Mratibu alikuja akiwa na filimbi yake shingoni.

"Poleni sana. Hongera kwa kujitahidi. Ila mstari ulishafungwa."

"Ulisema mtaangalia," Mwalimu alisema.

"Saa ya kufunga ilikuwa imetangazwa, Mwalimu. Na mgeni rasmi alitakiwa aondoke kabla ya giza. Hatukuweza kufunga bila yeye."

"Mgeni rasmi ndiye aliyetuchelewesha," nikasema.

Hapo kijana yule alionekana kukwazika kwa dhati, kama mtu anayesikia mwenzake akisingiziwa. "Hapana, kaka, mgeni hakuchelewa. Ratiba yake ilisema saa nne, na saa nne alikuwepo."

"Na sisi tuliambiwa saa kumi na mbili."

"Ndiyo utaratibu. Mgeni hawezi kufika akakuta watu hawajajipanga."

Alilisema bila aibu, na ndiyo maana mpaka leo silisahau. Siku nzima nilikuwa nimemkasirikia mzee mmoja kwa kuchelewa, kumbe hakuchelewa. Tulisimamishwa juani kwa mpango. Mtu alikaa kivulini akapanga ratiba mbili, moja ya yule atakayepunga bendera na moja ya wale watakaokimbia, na hakuona tatizo, kwa sababu tangu shule ya msingi tumepangwa barabarani hivyo hivyo na vibendera vyetu kumngoja mtu. Tumezoea kiasi kwamba hata asubuhi ile tulicheka.

Mwalimu hakulia. Aliuliza, "Walioko nyuma yetu je? Kuna watu bado wako porini. Nani amebaki vituoni?"

"Wasimamizi tumewarudisha. Mstari umefungwa."

Aliyajua yale madumu bila kuonyeshwa. Alikwenda kwenye pikapu, akashusha moja kwa mikono yake miwili, akaliburuta mpaka pale geti lilipokuwa. Nami nikashusha lingine. Mratibu alitaka kusema neno, akaona wachimbaji waliotufuata kutoka kwenye maduara, akatupisha. Wawili kati yao walipakia madumu kwenye pikipiki, wakaondoka kuelekea tulikotoka, kuwafuata walioko njiani.

Wakati wote huo mama yake Mwalimu alikuwa amesimama pembeni na wanawake wengine wa pale, mfuko wa vitenge mkononi. Alikuwa amesikia kila neno. Alifungua mfuko, akatandika kitenge cha kwanza barabarani, mwenzake cha pili, mpaka vikafika pale dumu lilipo. Wakapiga vigelegele. Mwalimu alirudi nyuma, akavua viatu, akapita juu yavyo. Nyayo zake ziliacha alama ya damu kwenye kitenge cha kijani, na mama hakuonekana kuijali.

Nilidhani atavikunja. Aliviacha.

Lori la viti likawa tayari. Dereva aliwasha injini, akakuta vitenge vimelala mbele yake kwenye njia pekee ya kutokea. Akapiga honi. Akapiga tena.

"Mama, tunaomba njia!"

"Kuna watoto wa watu bado hawajafika," mama alimjibu, akaketi kwenye ukingo wa kitenge cha kwanza, akanyoosha miguu. "Subiri kidogo, baba. Asubuhi si na wao walisubiri?"

Dereva alimtazama mratibu. Mratibu aliitazama barabara, na huko mbali, kwenye vumbi jekundu, alikuwa anatokea mtu mwenye namba kifuani, anatembea kwa kuchechemea. Wanawake walianza vigelegele upya.

Dereva akazima injini.