Mlau Haumo Kwenye Hesabu

Miezi miwili baada ya mafuriko alikuja kijijini kwetu Chumbi, bondeni, mchumi mmoja, binti wa rika la mjukuu wangu, anayesaidia serikali kuandika mpango wa mabadiliko ya tabianchi. Alituuliza tumepoteza nini. Wenzangu, kwa tamaa ya unga wa msaada, wakataja hata kuku waliokufa kwa kideri mwaka juzi. Binti akaandika yote, kisha akatuambia bonde ni hasara tupu, afadhali tuhamishiwe mlimani.

Nikasimama. Jirani yangu akanifinya nisiharibu msaada. Nikamwambia binti, "Mjukuu wangu, umeuliza maji yamechukua nini. Mbona hukuuliza yameacha nini?"

Mwenyekiti wa kijiji akanikemea, "Bibi, kaa chini. Huyu amesoma."

"Amesoma, lakini shamba hajaliona. Aje."

Akaja, viatu mkononi, tope hadi magotini. Nikamwonyesha mlau wangu, yaani mazao tunayopanda kwenye tope maji yakishapungua, bila mbolea ya dukani. Mahindi yalikuwa yamenifika kiunoni.

"Huko mlimani utanipa tope hili?"

Akayatazama. "Bibi, kwenye hesabu zetu mlau haumo."

"Basi uingize. Mimi sihamishwi na hesabu yenye pengo."

Akaandika palepale, nami nikimtajia: mahindi, kunde, maboga. Alipotaka kufunga daftari nikamzuia, "Soma nisikie." Akasoma.

Kama wakubwa zake walimsikiliza, sijui. Mwaka huu maji yamekuja tena, yamepungua, nami niko bondeni, napanda.