Mdiria Aliyengojewa Kabla ya Kupanda

Kaa nami kidogo, rafiki, maana ndege huyu hatambuliwi kwa haraka. Juzi nilipanda kilima cha kwetu, karibu na Mukuyuni, nikamwona mdiria kwenye tawi la mgunga. Mawazo yakanirudisha papo hapo miaka ya hamsini, msimu uliofuata njaa.

Nyanya alikuwa amebakiza kibuyu kimoja cha mbegu za kunde na mahindi, zimechanganywa na jivu zisiharibiwe na wadudu. Tulikunywa uji mwepesi huku kibuyu kikining'inia juu ya meko, na hakuna aliyekigusa. Kwetu tulipanda kwenye udongo mkavu, mvua ikikaribia, na dalili yake ilikuwa mdiria mgeni ambaye hufika kutoka mbali kabla ya mvua. Ukiwahi mno, mchwa na kwale hukumalizia mbegu.

Asubuhi moja kina mama wa mwethya, waliolimiana mashamba kwa zamu, walifika na majembe. Mdiria alikuwa akilia mgungani.

"Mwaitu, mama yetu, toa mbegu. Mgeni wa mvua amefika," alisema jirani yetu.

Nyanya alikinga macho kwa kiganja, akatazama sana. "Huyo si mgeni. Ni mdogo, kichwa kina michirizi, tumbo jeupe. Huyo tumelala njaa naye hapa hapa."

"Basi wewe ngoja mgeni wako abishe hodi," jirani akasema. Wenzake wakacheka, wakaenda kupanda kwake.

Mvua haikuja. Kwale walifukua shamba la jirani mpaka likawa kama limepigwa jembe upya.

Ndipo akaja yule mdiria mgeni, mkubwa: kichwa cha kijivu, mdomo wote mwekundu, mabawa ya samawati, tumbo la rangi ya matofali. Hashindi mtoni akivua samaki. Huketi kimya juu ya tawi, kisha hushuka ghafla kudaka panzi. Nyanya alimwita jirani, akamwonyesha kila alama polepole, bila kumsimanga. Akashusha kibuyu, akamimina nusu ya mbegu kwenye ungo wa jirani.

"Tazama tumbo kwanza, mwanangu. Sauti baadaye," alimwambia.

Tulipanda mashamba yote mawili, na mvua ikaja. Mavuno yalikuwa haba huku na kule, lakini hatukuzika mtu.

Siku hizi mbegu hununuliwa dukani, na mwethya umepungua. Kingo za mto ambamo mgeni huyo huchimba kiota zinaporomoka kwa kuchotwa mchanga, na misimu mingine hupita bila yeye kuonekana. Kwa hiyo ukikuta tundu la ukubwa wa ngumi kwenye ukingo mkavu, usiingize kijiti. Keti mbali, nyamaza, ungoje atoke.