Saumu ya Wodini

Bi Raya wa Kiseke ni mpishi wa shughuli, na ukimwalika harusini, hata kama jiko si lake, atapita uani kufunua sufuria. Si ulafi, ni kutaka kujua tu. Huyu kaweka nini humu? Mbona karafuu zimezidi? Nani kamfundisha kutia nyanya kwenye pilau? Wapishi wenzake wamemchoka. "Raya, siku moja utafunua ukute nyoka," humwambia, naye hucheka, kisha anafunua na ya pili.

Kwa hiyo siku alipolazwa, wodi nzima ilijua kafika. Kabla mashuka hayajapata joto alikuwa ameshajua kwamba jirani yake wa kitanda, Paskazia, ni mkulima wa pamba kutoka Sengerema, kwamba alivuka daraja la Busisi akiwa amefumba macho, na kwamba ameshapasuliwa nyongo na sasa anangoja tu kuruhusiwa. Habari zake mwenyewe alizitoa kwa kifupi. Damu chooni. Miezi sasa.

La pili hakulisema. Dada yake Sada alianza hivyohivyo. Wakasema bawasiri, wakasema mchango, wakachemsha mizizi ya kila rangi, mpaka wakamzika bila mtu kujua alikuwa na nini. Kati ya yote ambayo Bi Raya amewahi kutaka kuyajua duniani, hakuna lililomkaa rohoni kama hili: je, kilichommaliza Sada kimo na tumboni mwangu?

Daktari Nathaniel, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, alikuja kumweleza kipimo. Akavuta stuli akakaa, maskini, hakujua. Mtu akikaa mbele ya Bi Raya haondoki upesi.

"Huo mpira wenye kamera una unene gani?"

"Kama kidole changu, mama."

"Na unapitia..."

"Hukohuko unakokufikiria."

"Astaghfirullahi! Na ukitoka kwa mtu mwingine unaoshwa na nani?"

Akajibiwa. Akauliza taa yake inawashwa wapi, akauliza kama utumbo una kona, akauliza kama yeye mwenyewe ataruhusiwa kutazama. Ataruhusiwa, daktari akasema, sindano ni ya kulegeza mwili tu, si ya kulala fofofo.

"Haya. Na hatari yake?"

Hapo daktari akaacha kutabasamu. Wengi hupita salama, alisema, ila mara chache sana utumbo hutoboka, au hutoka damu, na mtu akalazimika kupasuliwa haraka. "Lakini kwako wewe mama, kinachonipa wasiwasi zaidi ni figo. Kisukari na presha vimezichosha. Dawa ya kusafisha tumbo itakuharisha sana, na maji yakitoka bila kurudi, figo zinaweza kugoma. Wengine huishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Kesho usile chakula. Lakini unywe. Maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa. Unywe mpaka unichukie."

Maneno yote hayo, na sikio la Bi Raya likakamata moja tu: utumbo hutoboka. Ndivyo tulivyo. Ukimwambia binadamu mambo kumi, atalala na lile linalomtisha.

Na hofu yake ilikuwa na mizizi. Ramadhani iliyopita ugonjwa huuhuu ulimfanya ale mchana, na siku zile alikuwa bado hajazilipa. Sasa kama mpira ule utamtoboa afie mezani, ataenda kujibu nini mbele ya Mola wake? Akapiga hesabu zake kimyakimya. Kesho si hatakula hata hivyo? Njaa ni ileile. Kwa nini ipotee bure? Basi kabla ya alfajiri akanywa kikombe kimoja cha maji, akanuia, akafunga.

Hakumwambia mtu. Saumu ni ya mja na Mungu wake, haipigiwi ngoma.

Asubuhi mkwewe Maulida akaleta chupa mbili za chai ya rangi na moja ya supu ya kuku, ameichuja mpaka unaona kitako cha bakuli. "Shikamoo mama. Daktari amesema uzimalize."

"Marahaba mwanangu. Weka hapo."

Maulida alipoondoka tu, chupa zikahamia kwa Paskazia. "Kunywa, mwenzangu, mgonjwa wa kupasuliwa anahitaji nguvu." Paskazia hakungoja kubembelezwa. Sista Queen, nesi wa zamu, akipita na kuuliza, "Bi Raya, tunakunywa lakini?" mama wa watu hasemi uongo na saumu mdomoni, anaelekeza kidole tu kwenye chupa. Sista anaitikisa, anaikuta tupu, anasema hongera. Upande wa pili Paskazia anajifuta midomo.

Alasiri likaja jagi la dawa. Bi Raya akalifunika kitambaa. Adhana ya magharibi ilipolia akalifunua, akasema bismillahi, akafuturu kwa dawa ya kuharisha! Wallahi tangu dunia iumbwe sijui kama kuna aliyewahi kufuturu hivyo. Ina chumvi, ina ndimu ya uongo, alisema baadaye, na mpishi wake angefukuzwa shughulini. Kilichofuata ni kwenda na kurudi chooni, na kila alichokunywa baada ya hapo kilipita kama mgeni mwenye haraka.

Kulipokucha hakuweza kusimama. Akijaribu, wodi inazunguka. Mkojo ukawa matone tu, na rangi yake ya majani ya chai. Wakampima presha, iko chini. Wakachukua damu, na majibu yalipokuja Daktari Nathaniel aliyasoma akiwa amesimama.

"Mama, figo zimeshuka kuliko zilivyokuwa ulipoingia. Jana ulikunywa nini?"

Macho ya Bi Raya yakaenda kwenye chupa.

"Alikunywa, daktari," Sista Queen akasema. "Chupa zote nilizikuta tupu."

"Zile?" Paskazia akainuka kwenye mto. "Zile nilikunywa mimi! Zote, na supu. Nikasema moyoni, hawa watu wa mjini kumbe wakarimu hivi."

Bi Raya akajifunika uso na ushungi. Aibu ilimshika kwelikweli, na chini ya aibu kulikuwa na woga. "Nilikuwa nimefunga," alisema. "Ulisema utumbo unaweza kutoboka. Sikutaka kufa na deni... la siku za Mungu."

Daktari hakufoka. Aliketi tena kwenye stuli. "Uliniuliza unene wa mpira, mama. Ukaniuliza unaoshwa na nani. Hili mbona hukuuliza?"

"Hili niliona nalijua."

Kipimo kikaahirishwa. Akatundikiwa dripu, mkojo wake ukawa unapimwa kwenye chombo, na kila Sista Queen akipita Bi Raya anauliza: umeongezeka? Siku ya kwanza jibu lilikuwa bado. Hapo hakutaniana na mtu, akageukia ukuta na kulia, maana aliiona ile mashine mbele ya macho yake. Maulida aliketi naye akimkanda miguu. "Lakini mama," alisema kwa upole, "mgonjwa ana ruhusa. Na kama figo hazitaki tena saumu, tutamuuliza sheikh, si utalisha maskini kwa kila siku? Mpishi kama wewe!"

Bi Raya akageuka kumtazama. Hata hilo nalo hakuwa ameliuliza.

Mkojo ukaja taratibu, ukaongezeka, ukarudi kuwa wa watu. Figo zikatulia. Dawa akainywa upya, mara hii kwa wakati wake, na maji mchana kutwa, chupa ameishika mwenyewe.

Kwenye chumba cha kipimo aligeuza shingo hadi kwenye skrini. Alitarajia kuona uchafu. Aliona njia ya waridi, laini, inang'aa, kona baada ya kona. "Mimi huyo?" aliuliza. "Wewe huyo." Kisha mpira ukasimama. Palikuwa na kinyama kidogo chenye shina kama uyoga, na ncha yake ilikuwa inavuja damu.

"Mwizi wetu ndiye huyu," daktari akasema. "Tunamkata sasa hivi. Kwa macho naona hajageuka kuwa kitu kibaya, ila maabara ndiyo yenye neno la mwisho. Akiachwa miaka, wengine wa aina hii hugeuka saratani."

Bi Raya alitazama mpaka kikakatwa. Ndipo akauliza, "Na cha dada yangu Sada kilianza kidogo hivi?"

"Sijui, mama. Huenda. Hakuna aliyemwangalia."

Machozi yalimtoka hapohapo mezani, na hakuyafuta.

Aliporudishwa wodini na kuruhusiwa kunywa, Paskazia alinyoosha mkono kwenye chupa ya chai kwa mazoea. "Leo ni yangu," Bi Raya akamwambia, akanywa mchana kweupe, vikombe viwili. Kisha akamwomba Maulida simu, akampigia Yahaya, mdogo wao wa mwisho, fundi wa viatu pale stendi ya Buzuruga, mtu mkali asiyependa kuulizwaulizwa.

"Yahaya, usikate," alisema, na wodi yote ikasikia. "Umebaki wewe na mimi. Nina swali moja, na unijibu ukweli. Ukienda chooni, unaona nini?"